Chuma Ndani, Shaba Nje: Historia ya Kuchanganya Metali katika Nyumba za Ufipa na Mwambao wa Kasanga

Msomaji anayepitia maandishi ya Kiswahili ya karne ya 19 hukutana mara kwa mara na neno shaba, na mara nyingi hulipita bila kusita. Neno ni la kawaida, maana yake inajulikana, na sentensi inaendelea. Hata hivyo, neno hilo limebeba metali mbili. Kuna shaba nyekundu, ambayo hupatikana kwa kuchimba na kuyeyusha mawe yake; na kuna shaba ya manjano, ambayo haichimbwi popote, kwa kuwa ni mchanganyiko uliobuniwa na binadamu kwa kuiunganisha shaba nyekundu na zinki. Katika maisha ya kila siku tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Kwa mwanahistoria wa bara la Afrika ya Mashariki, tofauti hiyo ni kama dira. Katika karne ya 19 shaba nyekundu ilitoka magharibi, katika machimbo ya Katanga, ilhali shaba ya manjano ilitoka pwani, nayo pwani iliipata ng'ambo. Anayekosea metali hukosea pia mwelekeo wa msafara.

Asili ya neno lenyewe inaongeza utata. Katika Kiarabu, shabah ni jina la shaba ya manjano, na limetokana na mzizi wenye maana ya kufanana, kwa sababu metali hiyo hufanana na dhahabu. Ni mzizi uleule ulioipatia fasihi ya Kiswahili istilahi ya tashbihi, ambayo kila mwanafunzi wa ushairi anaifahamu. Kwa hiyo Kiswahili kilipokea jina la kitu kinachofanana na kingine, kisha kikalipanua hadi likaifunika metali nyekundu ambayo haikuwa mfano wa chochote. Upanuzi huo ulikwenda mbali. Mapema katika miaka ya 1970 mkoa wa Katanga katika nchi iliyoitwa Zaire ulipewa jina la Shaba, na ulibaki na jina hilo hadi mwaka 1997. Nchi mashuhuri kwa shaba nyekundu kuliko zote katika eneo hili ilitambulishwa kwa neno lililozaliwa likiwa jina la shaba ya manjano.

Mahali panapofaa kulichunguza jambo hili ni Kasanga. Mji huu mdogo uko katika mwambao wa kusini-mashariki wa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, chini ya uwanda wa Ufipa ambao hufikia mita 1,800 na zaidi katika eneo la Sumbawanga. Barabara inayotoka Sumbawanga na kupitia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo iliyoanzishwa mwaka 2012, ina urefu wa kilomita 112 hadi bandarini. Kusini yake unapita Mto Kalambo, mpaka wa Tanzania na Zambia, wenye maporomoko yanayozidi mita 200. Mwambaoni ni nchi ya Walungu, uwandani ni ya Wafipa, na Wamambwe wamepakana nao. Ncha hii ya ziwa ndiyo Livingstone aliyoifikia Aprili 1867 na kuisikia ikiitwa Liemba, jina ambalo baadaye lilipewa meli. Wajerumani walijenga ngome hapo Kasanga na kupaita Bismarckburg. Kwa msafiri wa leo Kasanga ni mwisho wa barabara. Katika karne ya 19 palikuwa mahali pa kukutana kwa njia tatu, na kila njia ilikuwa na metali yake.

Chuma kilitoka juu, uwandani. Uyeyushaji chuma wa Wafipa umeandikwa kuliko ule wa jamii nyingi za Tanzania. Wamisionari na maofisa wa kikoloni waliueleza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Roy Willis aliutazama pamoja na historia ya dola za Wafipa, Randi Barndon aliulinganisha na ule wa Wapangwa, na Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliufanyia uchunguzi wa kiakiolojia ambao ulizaa kitabu kilichotoka mwaka 2010. Mapunda alibaini kwamba Ufipa haikuwa na teknolojia moja tu: kabla ya matanuri marefu yanayojulikana sana kulikuwa na matanuri mafupi ya aina iitwayo katukutu. Ugunduzi huo ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwani unaiondoa dhana kwamba mafundi wa bara walirithi njia moja na kuirudia bila kufikiri.

Tanuri refu liliitwa ilungu, kwa wingi malungu. Lilijengwa kwa udongo, likiwa pana chini na jembamba juu, na urefu wake ulifikia mita tatu hivi. Mara nyingi lilisimamishwa karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa huvumilia moto na haukuhitaji kubebwa kutoka mbali. Halikuwa na mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu yaliyopangwa kuzunguka kitako, ikapanda ndani kama ipandavyo katika bomba la moshi. Makaa na mtapo vilipangwa kwa matabaka, moto ukawashwa, na tanuri likaachwa liwake kwa siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, ambalo halikuwa tayari kufuliwa. Lilivunjwa na kusafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo hili ndilo lililohitaji mivukuto. Kazi yote ilizungukwa na dawa na miiko: wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, na tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa mwanamke na kupambwa kama bibi harusi. Kwa maana hiyo pambo katika ufundi wa chuma wa Ufipa lilianza kabla chuma hakijapatikana.

Zao kuu la kazi hiyo lilikuwa jembe. Jembe lililima, lakini pia lilitolewa katika mahari na lilibadilishwa kwa bidhaa nyingine. Baada yake yalifuata mashoka, mikuki, visu na tezo. Chuma cha Ufipa kilikuwa metali ya nyumbani: kilijulikana kilikochimbwa, aliyekiyeyusha alijulikana, na thamani yake ilitokana na kazi iliyoweza kufanywa nacho.

Shaba nyekundu ilikuwa na historia nyingine. Katika Bonde la Upemba, kusini-mashariki mwa Kongo, makaburi ya Sanga yaliyoanza kuchimbuliwa mwaka 1957 yametoa vitu vya chuma na vya shaba vilivyozikwa pamoja zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Humo pia zimepatikana shaba zilizosubiwa kwa umbo la msalaba, ambazo katika karne zilizofuata zilitumika kama fedha katika eneo kubwa la Afrika ya kati. Katika karne ya 19 biashara ya shaba hiyo kuelekea mashariki iliwavutia watu wa Unyamwezi na Usumbwa. Mmoja wao, Msiri, aliyefuata njia ya biashara ya baba yake, alijenga dola ya Garenganze yenye makao makuu Bunkeya, akaitawala hadi alipouawa na msafara wa Stairs Desemba 1891. Watu wake, Wayeke, walisifika kwa kuvuta shaba hadi ikawa uzi mwembamba na kuuviringisha juu ya nyuzi za mimea au singa ili kupata bangili laini.

Hapa ndipo usomaji wa maandishi unapodai uangalifu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaeleza kwa maneno yake mwenyewe na ambayo yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20, anasimulia vita vyake dhidi ya Nsama wa Itabwa vya mwaka 1867. Itabwa ni nchi iliyo magharibi ya ncha ya kusini ya Tanganyika, kuelekea Ziwa Mweru. Miongoni mwa mali zilizokutwa katika boma la Nsama anataja pembe na shaba kwa mamia ya frasila. Msomaji aliyezoea kuona masanduku na milango ya pwani anaweza kudhani kwamba shaba hiyo ni waya ulioletwa na wafanyabiashara wa pwani, na kwamba Nsama alikuwa mnunuzi wa mwisho katika mnyororo ulioanzia Unguja. Jiografia inapinga dhana hiyo. Shaba nyingi kiasi hicho, mahali hapo, ilikuwa shaba nyekundu ya Katanga iliyokuwa ikisafiri kuelekea mashariki. Nsama alikaa kwenye njia ya metali iliyokuwa ikitoka bara, nao watu wa pwani ndio walioikuta. Neno moja, shaba, limetosha kuigeuza historia kichwa chini, na si ajabu kwamba vitabu kadhaa vya shule vimeieleza biashara ya masafa marefu kana kwamba metali zote za mapambo zilikuwa zikiingia bara na kamwe hazikuwa zikitoka.

Shaba ya manjano, kwa upande wake, iliingia kweli. Misafara iliyoondoka pwani ilibeba bidhaa tatu kuu: nguo, ushanga na waya. Waya huo, uliofungwa kwa mizingo mizito, uliitwa masango. Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, alizieleza bidhaa hizo kwa urefu na kutaja vitindi, yaani bangili za mzingo, vilivyotengenezwa kwa waya huo. Stanley, alipokuwa akijiandaa kwa safari ya mwaka 1871, aliambiwa Unguja jinsi ya kuzipima bidhaa zake: ushanga uhesabiwe kama sarafu za shaba, nguo kama fedha, na katika nchi zilizo ng'ambo ya Tanganyika waya uhesabiwe kama dhahabu. Yawezekana aliyemwambia hakuwaza juu ya mzizi wa neno shabah, lakini hesabu yake iliufuata mzizi huo sawasawa.

Huko pwani kulikotoka masango, uchanganyaji wa metali ulikuwa umejipatia kanuni yake katika nyumba ya mawe. Mlango wa nakshi wa Unguja huonyesha nje vichwa vikubwa vya misumari ya shaba ya manjano vilivyopangwa kwa safu, huku mnyororo, tumbuu na makomeo vikiwa aghalabu vya chuma. Ndani ya nyumba, kasha la njumu, ambalo mengi ya aina yake yaliletwa kutoka Bara Hindi au yaliigwa kutokana na hayo, lilifunikwa kwa mabamba na misumari ya shaba juu ya mbao. Kiswahili kina neno mahususi kwa kazi hiyo, njumu, na kina kitenzi cha kutia njumu. Ni vigumu kupata lugha ya jirani iliyoitengea kazi ya kupachika metali juu ya mti neno la namna hiyo. Kanuni yenyewe haikuandikwa, lakini mafundi waliifuata: chuma kilishika uzito, na shaba ikashika macho.

Nyumba ya Mfipa au Mlungu haikuwa na mlango wa namna hiyo. Ilikuwa nyumba ya miti, udongo na nyasi, na ukuta wake haukuwa mahali pa kupigilia misumari ya shaba. Watafiti waliotafuta mapambo ya metali kwenye kuta za bara hawakuyaona, wakahitimisha kwamba hayakuwapo. Walitazama mahali pasipofaa. Katika nyumba hizi metali ilikaa kwenye vitu vinavyohama: mkuki uliosimamishwa, shoka la bega, kisu, kirungu, kibuyu, mkono na kifundo cha mguu wa mwenye nyumba. Katika eneo lote linaloanzia Unyamwezi hadi Itabwa na Uluba, mipini ya silaha na fimbo za heshima ilizungushiwa udodi, yaani uzi mwembamba wa metali, na aghalabu si wa rangi moja. Uzi mwekundu ulifuatwa na wa manjano, kisha ukaja wa chuma, ambao ukisuguliwa huwa mweupe na ukiachwa huwa mweusi.

Ufundi wa kazi hiyo unastahili kuelezwa, kwa kuwa pambo na matumizi haviachani ndani yake. Mpini wa mti hupasuka pale chuma kinapoingia, hasa katika kiangazi kirefu cha uwandani ambapo mti hukauka na kujikunja. Uzi uliokazwa kuuzunguka huzuia mpasuko. Chuma kingeweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Lakini uzi wa chuma ni mgumu kukunjwa, huku shaba, hasa nyekundu, ikitii vidole. Fundi alipochanganya, aliziweka metali laini pale mkono unaposhika na pale jicho linapotua, akakiachia chuma sehemu inayopigwa. Kulikuwa pia na hasara ambayo fundi alijifunza kwa kuona: chuma kinachogusana na shaba mahali penye unyevu hushikwa na kutu upesi zaidi. Mwambaoni Kasanga, penye mvuke wa ziwa, hasara hiyo ingeonekana mapema kuliko Sumbawanga. Mafuta yaliyopakwa kwenye silaha hayakuwa ya kung'arisha tu.

Je, mazoea haya yaliigwa kutoka pwani? Jibu rahisi ni ndiyo, kwa kuwa masango yalitoka pwani. Jibu hilo halitoshi. Makaburi ya Upemba yanaonyesha kwamba chuma na shaba nyekundu vilikuwa vikikaa pamoja magharibi ya ziwa karne nyingi kabla ya msafara wowote wa Unguja kufika huko. Kilicholetwa na msafara ni rangi ya tatu, si wazo la kuchanganya. Ni kweli kwamba rangi hiyo ya tatu ilibadili mizani. Shaba nyekundu, iliyokuwa ya mbali na ya wakubwa, ilipata mshindani aliyekuja kwa wingi na ambaye mtu yeyote aliyebeba mizigo au kuuza chakula kwa misafara aliweza kumpata. Hata hivyo, mafundi hawakuiacha nyekundu wakaichukua ya manjano. Waliziweka bega kwa bega. Mpini wenye rangi tatu ulikuwa, kwa yeyote aliyejua kuusoma, taarifa ya mwenye nyumba kwamba ana uhusiano na uwanda, na nchi ya ng'ambo ya ziwa, na barabara ya pwani. Wapo wanaoona katika uchanganyaji huo dalili ya uhaba tu, yaani fundi alitumia alichokuwa nacho. Uhaba hauelezi mpangilio. Mtu mwenye vipande vichache humaliza kimoja kisha akaanza kingine. Hahesabu mizunguko ili rangi zirudiane kwa zamu.

Mpango huu ulivunjika kwa muda mfupi. Utawala wa Wajerumani uliifanya Bismarckburg kituo cha ziwa la kusini, na kodi ikaanza kutozwa kwa sarafu. Juni 1916 ngome ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza. Mwaka huohuo, Tabora, Wajerumani waliokosa sarafu kutokana na vita walipiga za kwao kwa metali zilizopatikana, zikiwamo za maganda ya risasi. Sarafu ya heller 20 ilitolewa katika namna mbili, nyekundu na ya manjano, kwa thamani ileile. Kwa serikali hizo zilikuwa metali mbili zilizolazimishwa kuwa kitu kimoja. Kwa Kiswahili zilikuwa zote shaba tangu hapo, na huenda hakuna hati nyingine ya enzi hiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi lugha ya biashara ilivyoitangulia serikali.

Kilichofuata kilikigusa chuma chenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930 majembe ya viwandani yaliyoagizwa kutoka nje yalienea kwa bei ambayo malungu hayakuweza kushindana nayo. Uyeyushaji ulififia, na maelezo ya baadaye yalitokana kwa kiasi kikubwa na wazee walioombwa kuurudia mbele ya wageni. Uhunzi haukufa pamoja nao. Mhunzi aliendelea kufua, ila mtapo wake sasa ulikuwa chuma chakavu, na baadaye springi za magari. Meli ya Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916, iliopolewa mwaka 1924 na kuanza tena kazi mwaka 1927 ikiwa Liemba. Kwa miongo mingi ilitia nanga Kasanga ikishusha, pamoja na abiria, bidhaa za maduka.

Miongoni mwa bidhaa zilizobadili sura ya nyumba, bati linastahili kutajwa kwanza. Kwa asili bati ni jina la metali nyeupe, laini, isiyoshika kutu. Bati la kuezekea halina metali hiyo hata chembe: ni chuma kilichovikwa zinki, zinki ileile ambayo ikiungana na shaba nyekundu huifanya ya manjano. Sufuria nayo imesafiri vivyo hivyo. Jina lake linarejea kwenye neno la Kiarabu la shaba, lenye mzizi wa umanjano, na sufuria za kwanza za pwani zilikuwa za shaba kweli; zinazouzwa leo katika masoko ya Sumbawanga na Matai ni za alumini, nyeupe tupu. Kiswahili, inaelekea, hakizipi metali majina kwa kuuliza ndani yake mna nini. Kinazitazama uso, au kazi, kisha kinaling'ang'ania jina hata uso ukibadilika. Mtunga kamusi anaweza kulichukulia hilo kuwa kasoro inayohitaji kusahihishwa kwa istilahi. Kwa mwanahistoria linafaa liachwe lilivyo, mradi kila kidahizo kielezwe pamoja na enzi na mahali, kwa kuwa shaba ya boma la Nsama, shaba ya mlango wa Unguja na shaba ya heller ya Tabora haziwezi kukaa chini ya fasili moja ya mstari mmoja.

Katika nyumba ya leo mwambaoni metali zimepanda kutoka mkononi hadi ukutani na paani. Juu kuna bati. Dirishani kuna nondo. Mlango wa geti ni wa chuma kilicholehemiwa, na mara nyingi mikuki na maua yake yamepakwa rangi ya dhahabu au ya fedha juu ya rangi nyeusi. Fundi wa kulehemu anapouliza mteja anataka wapi dhahabu na wapi nyeusi, jibu linalozoeleka ni ncha na maua kwa dhahabu, na fremu ibaki nyeusi. Juu uwandani, mavi ya chuma yangali yakionekana karibu na vichuguu vya mashambani. Jembe linaloyagonga wakati wa kulima limekuja kwa lori.